Jimbo letu la Don Valley East limefutwa Toronto na watu kimya tu!

Wakuu, salamu baadaye. Hili limenikaa kooni tangu uchaguzi wa Aprili 2025. Mlioko nyumbani vumilieni, linawahusu pia.

Jimbo la ubunge la Don Valley East halipo tena kwenye ramani ya shirikisho la Canada. Liliundwa 1976, uchaguzi wake wa kwanza ukawa 1979. Si jimbo la kichochoroni hilo! David Collenette, waziri wa uchukuzi siku anga ya Canada ilipofungwa Septemba 2001, alikuwa mbunge wa hapa. Mwaka 2004 akashinda Yasmin Ratansi, mzaliwa wa Tanganyika, mwanamke Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa Bunge la Canada. (Ya mwaka 2020, alipotoka chama cha Liberal kwa kumwajiri dada yake ofisini, nayajua. Msinianzie.)

Kisa cha kufutwa? Hesabu. Baada ya sensa ya 2021, tume ya mipaka ya majimbo ilichukua watu wa Ontario, mkoa wetu, ikagawa kwa majimbo 122, wastani ukatoka 116,590. Toronto ikaonekana imekua taratibu kuliko kwingine mkoani, ikapunguziwa viti kutoka 25 hadi 24. Sisi tulikuwa chini ya 100,000, tukachinjwa.

Sasa nielezeni. Sheria yenyewe inaruhusu jimbo kupungua chini ya wastani hadi asilimia 25, yaani hata watu 88,000 wangetosha! Tena kule kaskazini Kenora—Kiiwetinoong limeachwa na watu wasiofika 40,000. Sawa, kule ni umbali, vijiji vingine havina hata barabara, sibishi. Lakini Flemingdon Park, mtaa wa jimbo letu, ni maghorofa yaliyojaa wahamiaji, na uhamiaji ni kazi ya serikali ya shirikisho. Faili la mke likikwama, viza ya mama ikikataliwa, mtu anakimbilia ofisi ya mbunge. Foleni ya ofisi hiyo hailingani na ya mtaa wa matajiri wenye pasipoti tangu kuzaliwa, hata kama idadi ya watu ni ileile. Tume ilihesabu vichwa, shida haikuzihesabu.

Halafu vurugu yenyewe. Mkoa wa Ontario una bunge lake na ramani yake, nao haukuibadili, kwa hiyo Februari 27, 2025 tulipiga kura ya Ontario tukiwa Don Valley East. Aprili 28, miezi miwili tu baadaye, kura ya shirikisho, jimbo hakuna! Vipande vimegawiwa majirani, jina likabandikwa mkiani: Scarborough Centre—Don Valley East. Mbunge wetu wa mwisho, Michael Coteau, akaenda kugombea Scarborough—Woburn. Wazee waliozoea kumpelekea makaratasi waende kwa nani?

Mlioko mitaa ya Wynford na Victoria Village, mliokuwa jimbo letu, mbunge wenu wa sasa mnamjua kwa jina bila kuuliza simu? Jibuni kwa ukweli.