Nati za tairi zinalegea zenyewe, Jumamosi nasafiri na mama. Msaada wakuu

Kijana wa Tabata
Wakuu habari zenu. Nina Toyota IST, nati za tairi ya mbele kushoto zinalegea kila mara, nikikaza leo kesho kutwa nasikia usukani unatetemeka nikishuka kuangalia naona mbili zimeachia. Jumamosi alfajiri natoka Dar kwenda Moshi, nampeleka mama kliniki. Naomba kujua tu, nati zinakazwa kwa nguvu kiasi gani?

Bi Mkubwa wa Mbezi
Pole mwanangu, mama kwanza. Panda basi.

Dereva Kitonga
Mimi nimeendesha Fuso miaka mingi, zile za zamani nati za kushoto zinafunguliwa kinyume, kuna kijana alikuwa hajui akapanda juu ya spana akidhani anafungua kumbe anakaza, zikakatika stadi tatu (zile bolti ambazo nati zinakazwa juu yake) tukalala hapo hapo mlimani na mzigo wa nyanya. Nyanya zote ziliharibika.

Spana 21
Mkuu nati ikikazwa vizuri hailegei yenyewe. Umebadilisha nini kwenye hiyo gari?

Kijana wa Tabata
Sijabadilisha kitu. Fundi alikaza kwa gani ya upepo, ile mashine ya kukazia nati, mpaka ikagoma.

Spana 21
Rimu ni zile zile ilizokuja nazo?

Kijana wa Tabata
Hapana, nimeweka sport rimu za mtumba, lakini ni saizi sawa na zimeingia vizuri kabisa, jamaa alinipa na nati zake 20 zenye washa (kile kipete bapa cha chini ya nati). Halafu tairi hiyo ina nati nne kati ya tano, stadi moja ilikatika fundi akiwa anakaza. Fundi kasema nne zinatosha.

Mwalimu Mstaafu
Vijana mnapenda gari ionekane nzuri kuliko kufika salama. Mama mzazi unamkalisha juu ya nati nne!

Sina Baya
Hii chai wakuu. IST ina nati NNE, kila mtu anajua, huyu anatuambia tano. Hata gari hana.

Mama Chipsi
Ndiyo maana hakutaka kutaja rimu mwanzoni, alikuwa bado anatunga.

Kijana wa Tabata
Nitunge ili nipate nini? Mama anaumwa kweli.

Spana 21
Sina Baya, IST ya zamani ndiyo ya nati nne. New model, ile iliyoanza 2007, ina tano. Tuache hilo, mtu anasafiri.

Kijana nisikilize. Nati yenye washa bapa ni ya rimu ambayo tundu lake lina kikalio bapa, rimu nyingi za alumini za Toyota orijino ziko hivyo. Sport rimu za madukani karibu zote tundu lake ni la koni, zinataka nati yenye kichwa cha koni kinachozama ndani. Wewe umeweka bapa juu ya koni, inagusa ukingo mwembamba tu, hata ukaze vipi ukitembea inajitafutia nafasi na kulegea. Fundi akazidisha nguvu, stadi ikakatika. Na zilizobaki hapo zimeshavutwa, badilisha zote tano.

Kukaza sasa. Futa kutu na vumbi pale rimu inapokaa kwenye habu (kitovu kinachobeba tairi), usipake oili kwenye stadi. Anza kwa mkono mpaka nati ziingie zote, kisha kwa spana kidogo kidogo ukiruka ruka kama unachora nyota, gari ikiwa kwenye jeki. Shusha, malizia chini. Toyota ndogo hizi ni nyutoni mita 103. Kama huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, chukua mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo, ifunge kwenye spana sentimita 40 toka kwenye nati, vuta iwe pembe mraba mpaka isome kilo 26. Mtu wa kilo 70 akisimama hapo anaweka zaidi ya mara mbili na nusu ya inayotakiwa. Ukifika Chalinze simama, acha zipoe, pima tena.

Kijana wa Tabata
Asante sana mkuu. Ila kwa kuwa nimeshamwambia mama na kliniki ni Jumatatu, si naweza kwenda hivi hivi pole pole 60, kila mji nasimama nakaza?

Spana 21
HAPANA. Tairi ikichomoka kwenye 60 nayo inaua.

Bi Mkubwa wa Mbezi
Mwanangu nimekwambia basi.

Kijana wa Tabata
Nimerudi. Nimeshinda kwenye maduka ya spea pale mtaa wa Gerezani, stadi tano mpya zimeingia, lakini nati za koni za saizi yangu nimepata 16 tu. Tairi moja ya nyuma nimeacha zile za washa, nyuma si haina shida sana?

Spana 21
Ina shida ile ile. Rudisha rimu za zamani zote nne na nati zake, nenda nazo Moshi, haya mengine utamalizia ukirudi.

Kijana wa Tabata
Za zamani nilimwachia jamaa na nati zake, ndiyo zilikuwa sehemu ya malipo.

Spana 21
Basi kesho asubuhi rudi Gerezani ukatafute nne zilizobaki. Ukikosa, kata tiketi mbili.