Tovuti za "umbali na muda wa ndege" zinatupotosha, na watu wanakosa ndege

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, mtanisamehe. Ukitafuta umbali na muda wa ndege kati ya miji miwili unaletewa tovuti lukuki zilizonakiliana, zote na jibu moja, na jibu lenyewe bovu.

Wanapima kutoka katikati ya mji huu hadi katikati ya mji ule (kana kwamba ndege inatua sokoni), wanagawanya kwa kasi moja, basi. Uwanja wa Heathrow (London) hadi JFK (New York), njia fupi kabisa juu ya tufe la dunia, ni kama kilomita 5,550. Gawanya kwa kilomita 900 kwa saa: masaa 6 na dakika 10, kwenda na kurudi sawasawa. Sasa fungua ratiba yoyote. London kwenda New York ni karibu masaa 8, kurudi ni karibu 7.

Tofauti hiyo ni upepo. Kule juu, kilomita 10 hivi, kuna mkondo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi ndiyo unachachamaa. Zile 900 ni kasi ya ndege ndani ya hewa, siyo juu ya ardhi. Upepo wa 150 ukiikabili, inabaki na 750: masaa 7 na dakika 24. Ukiisukuma, inapata 1,050: masaa 5 na dakika 17. Februari 2020, wakati wa dhoruba ya Ciara, ndege ya abiria ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56! Na hapo bado hujaweka foleni ya kurukia, kupaa, kushuka na kutafuta geti. Ongeza dakika 30 hadi 45.

Halafu njia. Helsinki–Tokyo ilikuwa masaa 9 na nusu hivi. Anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, ikawa kama 13. Umbali kwenye ramani ni uleule, ila ndege inazunguka. Kikokotoo hakina habari.

Na maili! Wanaandika "maili" tu. Ya baharini, inayotumika angani, ni mita 1,852. Ya nchi kavu 1,609. Safari ileile ni maili 3,000 au 3,450, chagua mwenyewe.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni wanaotoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika bila kujali tofauti ya saa kati ya nchi na nchi. Unaondoka New York saa 1 jioni, unatua London saa 1 asubuhi, wanakuandikia masaa 12. Ni 7. Tena tofauti ya masaa 5 hushuka hadi 4 kwa wiki mbili tatu mwezi Machi, kwa sababu Marekani husogeza saa mbele kabla ya Uingereza. Mwenye ndege ya kuunganisha anaumia hapo.

Dawa: badilisha saa zote mbili ziwe UTC (saa moja ya pamoja ya dunia nzima), ndipo utoe. Kisha tafuta namba ya ndege kwenye tovuti za kufuatilia ndege, uangalie ilitumia muda gani siku za karibuni, kila upande peke yake.

Mwenye kikokotoo kinachotofautisha kwenda na kurudi akiweke hapa. Vile vya jibu moja msituletee.