Mliowahi kubadilisha foku ya baiskeli, tupeane uzoefu

Mtu wa Uyole: Wakuu, leo pale Mwanjelwa nimemwona kijana kabeba foku mpya begani, nikakumbuka yangu. Nilinunua ule uma wa tairi la mbele kwa kuangalia rangi. Kufika nyumbani shina lake, lile bomba la juu linalopita kwenye fremu, fupi, nati ya juu haina pa kushika. Pimeni shina la ile ya zamani kabla hamjatoa hela.

Ipogolo Chini: Yangu ilikuwa ndefu. Fundi akaikata kwa msumeno, nyuzi za kushikia nati zikalala, nati ikagoma kabisa. Siku hizi nazungusha nati kwanza, nakata juu yake, halafu naifungua. Inapotoka inanyoosha nyuzi.

Mtu wa Uyole: Hii sikuijua. Asante.

Mbeba Ndizi: Mimi mnanikumbusha kovu. Foku yangu ilipata ufa karibu na shingo, fundi mmoja akaichomelea, akapaka rangi nyeusi, nikamwamini. Nimetoka Kiwira alfajiri na mikungu mitatu, nimesukuma hadi Isyonje, jasho mpaka kwenye viatu. Sasa nateremka kuelekea Igawilo, ukungu, barabara imelowa. Nikashika breki ya mbele. Nikasikia "ta!" kama kijiti kimevunjika, nikaliona tairi la mbele linakwenda peke yake. Nililamba lami. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda shamba alinifunga kidevu kwa kitenge chake, watoto wakaniokotea ndizi zote, haikupotea hata chane moja. Nilipotulia nikaangalia palipovunjika: nusu ina kutu ya siku nyingi, nusu inang'aa. Ule ufa ulikuwa unatembea ndani kwa ndani, mimi naona rangi tu.

Ipogolo Chini: Pole sana kaka. Mungu mkubwa.

Fundi wa Mafinga: Pole. Ila msitukane wachomeleaji wote. Nimechomelea keria na fremu miaka mingi.

Mbeba Ndizi: Sijatukana mtu. Keria ikikatika unapoteza mzigo, foku ikikatika unapoteza meno. Bomba lile jembamba, moto unalidhoofisha pembeni mwa mchomeleo.

Fundi wa Mafinga: Kwenye foku nakubali. Nunua mpya.

Mama Njombe: Shikamooni. Ya mwanangu tumefunga mpya, lakini usukani unacheza.

Mtu wa Uyole: Marahaba mama. Kaza kwa nguvu zote, utalegea wenyewe.

Fundi wa Mafinga: Hapana! Gololi zitachimba vikombe vinavyozikalia, usukani uanze kunasa katikati. Mama, shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga, kaza kidogo kidogo mpaka isigonge, na usukani uzunguke bila uzito. Halafu angalia ile pete ya chini, inayokaa kwenye shingo ya foku chini ya gololi. Kuna shingo za milimita 26.4 na za 27, kwa macho zinafanana. Pete ikiwa kubwa itacheza milele.

Ipogolo Chini: Wengine wanazungushia bati la kopo la soda.

Fundi wa Mafinga: Bati linasagika. Tafuta pete yake.

Mama Njombe: Nimefungua. Gololi moja imeangukia kwenye majani.

Mbeba Ndizi: Usihangaike mama, nunua seti mpya ya gololi, weka grisi nyingi, na acha nafasi ndogo, zisibanane. Mtoto asiteremke nayo kabla hujaijaribu tambarare.