Naomba ushauri: sehemu ya pili ya muvi yetu ya kutisha inakufa katikati, matukio niyapangeje?

Kijana wa Mitwero:
Habari wakuu, poleni na majukumu. Mi ni mwandishi wa skripti, niko Lindi mjini, na kikundi chetu kilishatoa muvi moja ya kutisha inaitwa Honi. Kwa ambao hawajaiona stori iko hivi. Zamani kulikuwa na reli ya Mtwara kwenda Nachingwea, ile waliyojenga Waingereza kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza 1947 na kufutwa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 60 reli zenyewe zikang'olewa. Sasa kwenye muvi yetu kuna kijiji kimekaa pembeni ya tuta la hiyo reli, chuma hakuna hata kimoja, ila msimu wa korosho ukifika usiku wa manane inasikika honi ya treni, na baada ya honi unaitwa jina lako. Ukiitika, asubuhi hauonekani. Wazee wetu wametulea hivo hivo, ukiitwa usiku usiitike, tukachukua hapo tukatengeneza muvi.

Mwisho wa sehemu ya kwanza Somoe analinda ghala la korosho la chama cha ushirika pamoja na kaka yake Hamisi, honi inalia, anaitwa Somoe, mdomo unamfunguka mwenyewe, Hamisi anawahi kuitika badala yake. Somoe anabaki juu ya magunia amejaza kanga mdomoni mpaka alfajiri.

Watu waliipenda sana, tena sana, hadi mdhamini akajitokeza mwenyewe kutaka ya pili. Shida ndo hapo. Nimeandika mwanzo mzuri tu, Somoe anarudi kijijini, honi inaanza upya, halafu kuanzia sini ya thelathini na kitu huko kila kitu kinajirudia, honi, jina, mtu kapotea, kilio, honi, jina, mtu kapotea. Nikiisoma mwenyewe nachoka. Mdhamini anasema ongeza vifo. Dairekta anasema Somoe afe mwanzoni kabisa watu washtuke. Mi nilitaka nieleze treni imetokea wapi, nani aliilaani. Nisaidieni kwa mtu anayejua kupanga stori, hii kazi naipenda na sitaki ya pili iharibu jina la ya kwanza.

Tuta la Zamani:
Nafuatilia uzi huu kwa karibu.

Mama Naliendele:
Mwanangu hongera, nimeiona na wajukuu na mmoja alilala na taa wiki nzima. Swali langu dogo, Somoe anarudi kijijini kufanya nini? Maana mtu aliyeponea pale harudi hivi hivi. Kama jibu ni "ili muvi iendelee" basi shida yako inaanzia hapo, haianzii katikati.

Kijana wa Mitwero:
Shikamoo mama. Anarudi kwenye arobaini ya kaka yake.

Mama Naliendele:
Marahaba. Arobaini ya mtu ambaye mwili haujapatikana? Nani kakubali kuisoma? Hapo tu pana ugomvi wa familia nusu saa nzima, mmoja anasema Hamisi amekufa tumalizie msiba, mwingine anasema hatujazika tunasoma nini. Na Somoe peke yake ndo anajua alichofanya kaka yake. Usipaparike kutafuta mzimu mpya wakati hilo umelilalia.

Banda Umiza Masasi:
Mkuu mi naendesha banda la kuonyesha muvi, naongea nilichokiona kwa macho, sijasoma shule ya filamu. Watu hawatoki nje kwa sababu vifo ni vichache, wanatoka pale wanapokuwa wameshajua nini kinafuata. Yaani ile honi ya kwanza banda lote kimyaa, ya pili kimya, ikifika ya nne unasikia mtu anamuuliza jirani yake una chenji ya elfu mbili, hapo ujue umewapoteza. Sasa mdhamini akisema ongeza vifo anaona hilo hilo tatizo ila dawa yake siyo. Vifo kumi vya aina moja ni kifo kimoja.

Kuhusu stering kufa mwanzoni, mwambie dairekta awe makini. Wateja wangu wana msemo wa stering hafi na wanausema kwa imani kabisa. Ukimuua wanakasirika, na wakikasirika wanasimama.

Mwana Mikindani:
Hoja ya dairekta sio ya kutupa lakini. Friday the 13th Part 2 ya 1981 ilifanya hivo hivo, yule binti aliyebaki hai sehemu ya kwanza anauawa mwanzoni tu kabla stori mpya haijaanza. Inashtua kweli. Ila tazama gharama yake, baada ya hapo inabidi uanze upya kabisa na vijana wapya ambao mtazamaji hana undugu nao. Wale waliweza kwa sababu hata muuaji alibadilika, kwanza alikuwa mama mmoja, ya pili akaja mwanae. Wewe adui wako ni yule yule na uchungu wote uko kwa Somoe, ukimuua unabaki na honi peke yake.

Mfano unaokufaa wewe ni A Quiet Place Part II. Sheria ya ile muvi ni moja tu, ukitoa sauti dude linakusikia na umekwisha. Sehemu ya kwanza mtazamaji anajifunza sheria. Sehemu ya pili hawakubadilisha sheria, walimbebesha mtu kitu kisichoweza kuitii, yaani kichanga. Mama anamweka mtoto kwenye boksi na mtungi wa oksijeni ili kilio kisisikike, na kuanzia hapo huogopi tena lile dude peke yake, unaogopa oksijeni kuisha. Umeona? Sheria ile ile, kamba imekazwa.

Sasa sheria yako ni usiitike. Jiulize nani hawezi kuacha kuitika.

Kijana wa Mitwero:
Mkuu hapo kwenye swali la mwisho nimesimama nikazunguka chumba kizima. Nimefikiria mtoto anayejifunza kuongea, kila kitu anaitika.

Binti Kitunda:
Mi nina lingine. Shikamoo.

Fikiria babu kakaa barazani giza limeingia, umeme umekatika, honi imelia mbali kidogo, yeye anajua sheria, ameshaitwa jina lake na amekaza meno hajaitika. Safari hii amepona, na mtazamaji anashusha pumzi. Halafu kutoka kizani sauti ya mtoto mdogo, ya adabu kabisa: shikamoo babu. Miaka sabini huyo mzee hajawahi kuiacha shikamoo ya mtoto ikaning'inia. Kameraman akae kwenye mdomo wake tu. Asionyeshe kitu kingine, mdomo, ndevu, ule ulimi unavyogusa meno. Akisema marahaba imeisha.

Tuta la Zamani:
Nywele zimenisimama aisee.

Banda Umiza Masasi:
Hiyo sini banda zima litapiga kelele "usiitikeee". Nawajua watu wangu.

Mwana Mikindani:
Dada umemaliza. Na ukiendelea hapo hapo utaona maisha yetu yote ni kuitika. Hodi, unasema karibu. Simu ya namba ngeni, unasema haloo. Mtu anaita bodaboda gizani, unajibu twende. Msikitini, kanisani, msibani, kote unaitikia. Sasa Kijana wa Mitwero kila tukio kubwa la muvi yako liwe ni mlango mmoja wa kuitika unafungwa. Mwanzo wanakijiji wamejipanga kabisa, wana mbinu, wamekubaliana usiku hakuna kuitana majina, wanapigana miluzi. Wanajiamini. Inafanya kazi mara moja mbele ya macho yetu ili tuamini na sisi. Halafu shikamoo. Sasa wazee hawaamkiwi tena usiku. Halafu hodi. Sasa hakuna anayebisha mlango. Kufika katikati kijiji kimekuwa bubu, mama hamwiti mwanae, na hapo ndo unatisha kuliko damu, kwa sababu treni imewanyang'anya kuitana kabla haijawachukua.

Ghala Namba Tatu:
Naomba nipinge kidogo kuhusu chanzo cha treni. Mi mtazamaji nikifika sehemu ya pili nataka kujua imetokea wapi, sio kila siku honi honi tu.

Mwana Mikindani:
Naelewa, ila kuna hatari. Halloween II ya 1981 iliendelea usiku ule ule wa muvi ya kwanza, na kwa kutafuta kitu kipya wakasema yule muuaji kumbe ni kaka wa binti anayemuwinda. John Carpenter aliyeiandika pamoja na Debra Hill alishasema hadharani kwamba hakulipenda hilo. Walipokuja kutengeneza ile ya 2018 wakalifuta kabisa. Kabla ya hapo yule mtu alikuwa anaweza kuja kwa yeyote, ndo uoga wenyewe. Ukishasema anamtaka ndugu yake tu, sisi wengine tunalala vizuri.

Ghala Namba Tatu:
Sawa, lakini basi atupe kitu. Hata kama sio chanzo, atuambie treni inachagua vipi. Kwa nini Somoe aliitwa na sio jirani?

Mama Naliendele:
Hili la kuchagua nalikubali. Na jibu liko hapo kijijini kwao. Kijana umeweka ghala na korosho, umeacha kangomba. Miezi ya njaa mkulima anakopa, analipa kwa korosho ambazo bado ni maua juu ya mti, kwa bei ya kutupa, msimu ukifika mavuno si yake. Mzigo umeshauzwa kabla haujaiva. Treni nayo inachukua waliokwisha kuuzwa. Kuna mtu aliwahi kulitaja jina la Somoe akiwa na shida, labda Somoe hajazaliwa hata. Usieleze nani alikuja kununua. Onyesha tu nani aliuza.

Kijana wa Mitwero:
Mama mama mama. Na aliyeuza ni mama yake.

Mama Naliendele:
Na ndiye anayeng'ang'ania arobaini isomwe haraka.

Binti Kitunda:
Hiyo iwe katikati kabisa ya muvi, sio mwisho. Ukiiweka mwisho inakuwa mshangao wa dakika mbili, ukiiweka katikati Somoe inabidi aishi nyumba moja na mama yake usiku mzima wanaogopa kuitana.

Kijana wa Mitwero:
Wakuu nimekaa nimepanga upya, niambieni kama inasimama. Inaanza na arobaini na ugomvi wa kuisoma, honi inalia mchana kwa mara ya kwanza, katikati ya dua, na watu wote wako kwenye kuitikia amin. Kijiji kinajipanga na miluzi, inafanya kazi. Babu na shikamoo. Kijiji kinakuwa bubu. Somoe anakuta habari ya mkopo, anajua ni mama yake. Baada ya hapo watu wazima wamejifunza kunyamaza wote, treni inahamia shule, asubuhi mwalimu anaita majina kwenye daftari la mahudhurio na watoto wanaitika nipo, nipo, nipo, halafu linasomwa jina ambalo halimo darasani. Mwisho usiku tuko ghalani tena, honi, na anayeita safari hii ni sauti ya Hamisi. Anamwita mama yake. Mama anajua kabisa ni nini. Anaitika kwa sababu ni mwanae. Somoe anabaki, na deni limelipwa au halijalipwa, hapo bado sijui.

Mdhamini nitamwambia vifo vimepungua ila kila kimoja kina mlango wake.

Banda Umiza Masasi:
Sauti ya Hamisi tumia msanii yule yule wa sehemu ya kwanza, watu watamjua kabla hajamaliza neno. Na honi usiiongeze sauti kila mara, mwishoni iwe ndogo kabisa, spika zangu zikipiga kelele muda wote watu wanazizoea.

Kijana wa Mitwero:
Nimeichukua hiyo. Swali la mwisho kwa walimu humu, siku hizi majina yanaitwa asubuhi tu au na mchana? Nataka ile sini iwe sahihi.

Mwalimu wa Ruponda:
Kwangu naita asubuhi na mchana, na huwa natazama daftari, simtazami mtoto. Anayeitika namjua kwa sauti tu. Iandike hivo.