Chesi, ufunguzi wa nyeusi dhidi ya e4 kwenye mashindano: Berlin, Najdorf au Caro-Kann?

Kete64: Wakuu, kuna mashindano ya wikiendi yanakuja, raundi 5, na mtu akinianzia e4 (pawni ya mbele ya mfalme hatua mbili) sina msimamo, leo Sicilian (kujibu c5) kesho Caro-Kann (kujibu c6). Sasa nimerudia gemu za London 2000, Kramnik alivyomvua Kasparov ubingwa wa dunia na ile Berlin yake (unajibu e5, nyeupe akileta askofu b5 unatoa farasi f6), natamani nihamie huko mazima. Mnasemaje?

BwanaFarasi: Taratibu mkuu. Kramnik alishinda gemu 2 tu na zote alikuwa na nyeupe, zingine 13 droo. Berlin kazi yake ilikuwa kumzima Kasparov, malkia wanalika hatua ya 8, mfalme wako anabaki katikati hana tena ruhusa ya kujificha pembeni pamoja na ngome (castling), halafu ndio mnaanza kubanana. Kwenye mechi ya watu wawili droo na nyeusi ni mali, ila raundi 5 ukipiga droo mbili wenzako washakuacha.

mama_malkia: Nani kasema Berlin ni droo tu? Mechi ya ubingwa wa dunia Sochi 2014, gemu ya 11 Anand kaicheza na nyeusi, katoa ngome kwa askofu, Carlsen kashinda na ubingwa ukaishia hapohapo 😅 Mi niko Caro-Kann, c6 halafu d5, askofu anawahi kutoka kabla hujasukuma e6. Mabingwa wa dunia wa zamani Botvinnik na Karpov wameitumia sana tu, sembuse sisi.

SisiliaDamu: Caro mnaenda kusinzia nyie. Mechi ya ubingwa wa dunia Moscow 1985 gemu ya 16, sio Najdorf (tawi la Sicilian) lakini Sicilian ileile, Kasparov katoa pawni, kaweka farasi d3, Karpov kete zake zikakosa pa kwenda!

BwanaFarasi: Na mwaka uliofuata Karpov akaja na dawa ya hiyo pawni, Be3 tu (B ni askofu, yaani askofu e3). Najdorf tamu sikatai, ila ukeshe unakariri Bg5 halafu jamaa anakuchezea pawni c3 hatua ya pili, ulichokariri chote hakina kazi.

Kete64: Hahaa hiyo c3 naijua vizuri. Basi Caro. Nyeupe akisukuma e5 hatua ya tatu nimjibu Bf5 au c5?

mama_malkia: Bf5. c5 ijaribu kwanza kwenye blitzi (gemu za dakika chache), na akija na g4 anamfukuza askofu usipaniki, huko nyuma kwa mfalme wake kunabaki wazi.