Kukarabati ukumbi wa mikutano mjini Malindi: fedha zianzie wapi?

Kamati_Ukumbi:
Hamjambo wenzangu. Tuna ukumbi wa mita 18 kwa 12, kwenda juu mita 5, katikati ya mji na si mbali na bahari. Mabati yameoza, nguzo mbili zimepasuka wima na kutoa kutu, na mtu akishika maiki maneno yanagongana hata hayashikiki. Tunalenga mikutano ya watu 150 hadi 200, hasa Aprili hadi Juni, wageni wa baharini wanapopungua na hoteli zikabaki na vyumba vitupu. Fedha hazitoshi yote kwa pamoja. Baadhi ya wajumbe wanataka viyoyozi na vigae kwanza, ukumbi upendeze. Kipi kianze?

FundiMawe:
Vigae viwe vya mwisho kabisa. Nguzo ikipasuka wima, nondo imeshavimba ndani: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, ndiyo maana zege linasukumwa nje.

Piteni na nyundo ndogo, mgonge nguzo na mihimili yote. Panapolia kama debe tupu, pigeni alama ya chaki. Egemezeni paa kwanza, ndipo mchimbe mpaka nondo ionekane pande zote na nyuma yake pawe na nafasi ya milimita 20. Fuateni chuma mpaka mkute kilicho kisafi. Kisugueni kwa brashi ya waya hadi king'ae, kisha mkisuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Nondo iliyopoteza zaidi ya robo ya chuma chake iongezewe nyingine, zipishane kwa urefu wa mara 40 ya unene wake. Ya milimita 12 ni sentimita 48. Zege la kuifunika liwe milimita 50. Zikipatikana nondo nyingi zilizoliwa hivyo, mwiteni mhandisi kabla ya kuendelea.

Kosa la kila siku huku pwani ni kupiga plasta juu ya kutu. La pili ni mchanga wa ufuoni na maji ya kisima cha chumvi: hapo mnapanda kutu wenyewe. Mchanga wa mto Sabaki unafaa, ila uchotwe juu, si mlangoni bahari inapopanda. Na hata kiraka kikiwa kizuri, chumvi iliyobaki kwenye zege la jirani inaweza kuanzisha kutu pembeni mwake. Nyundo irudi kila mwaka.

Paa nalo: kama sehemu yake ni ya asbestosi, msiitoboe wala kuikata, itolewe na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Bati la alumini linavumilia chumvi, lakini lifungwe kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu zenye washa za mpira. Msumari wa kawaida huila alumini pembeni mwa tundu, na mvua hupitia hapo hapo. Ezekeni Januari hadi Machi, kaskazi ikiwa kavu. Masika ikianza muwe mnafanya kazi za ndani.

StimaNaSauti:
Naunga mkono. Kuhusu mwangwi, msinunue spika kubwa, zitazidisha mgongano. Ukumbi wenu una mita za ujazo 1,080. Ukiwa mtupu, na plasta, saruji na bati tu, sauti hukaa sekunde 4 hadi 5. Kwa hotuba tafuteni sekunde 1. Tandazeni darini pamba ya mawe, inayonyonya sauti, ya milimita 50, mita za mraba 150, chini yake kitambaa chepesi na mkeka wa ukindu uliosukwa wazi. Mkeka uliobana hurudisha sauti. Hata wakiwa watu 100 tu, mtaikaribia hiyo sekunde 1, na joto la bati litapungua. Mkeka upakwe dawa ya kuzuia moto, taa zisiuguse.

Kupoza watu 200 kwa unyevu wa pwani kutameza fedha zote, kwani stima nyingi huishia kukausha hewa. Humo wekeni feni na madirisha pande mbili. Viyoyozi viende vyumba vidogo: chumba cha watu 25 chenye mita za mraba 50, viwili vya BTU 24,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kila kimoja. Sehemu ya nje ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi, la sivyo chumvi itaila.

MpangaMikutano:
Ndugu zangu wa kamati, hesabu ya 200 iangalieni tena. Mkitoa jukwaa la mita 3 mnabaki na mita za mraba 180. Viti vitupu vya safu, watu 200 wataenea. Wakiwa na meza za kuandikia, kama 105. Kwa meza za duara za futi 5, watu 8 kila moja, meza 16 zinawatosha watu 128.

Kongamano la siku mbili pia linataka vyumba vya makundi. Stoo na ofisi za nyuma zigeuzwe vyumba vitatu. Hivyo ndivyo vitakavyowafanya wageni walale mjini.

Jiko kubwa msijenge. Chumba cha kupashia chakula chenye sinki mbili kinatosha, na wapishi wa mjini wapewe kazi kwa zamu ili fedha zitawanyike. Mapumziko ya chai ni dakika 15 au 20. Meza moja kwa watu 200, wa mwisho hanywi. Wekeni nne mbalimbali, vikombe mwanzo, mahamri katikati, chai mwisho, maana mtu akishika kikombe cha moto hana mkono wa kuchukulia kitafunio. Wanawake wapate vyoo visivyopungua vitano.

Kamati_Ukumbi:
Shukran sana. Ngazi za mlango mkuu zina sentimita 45. Kiti cha magurudumu kitapandaje?

FundiMawe:
Kila sentimita 1 ya kupanda itake 12 za urefu, yaani mita 5.4. Upana mita 1.2, na juu na chini pawe tambarare mita 1.5. Zege lipigwe ufagio likiwa bichi, libaki na mikwaruzo. Hapo vigae msiweke kabisa, vikilowa vinateleza.