Naomba ushauri: tenki la kwanza la maji chumvi na matumbawe, lita 200, niko Dar

Kolekole_Mbezi
Wakuu habari zenu. Nimezoea kufuga samaki wa maji baridi, goldfish na guppy, sasa roho inataka tenki la maji chumvi lenye matumbawe kabisa, yale laini yanayoyumba na mkondo. Kioo ninacho, lita 200, sebule haina AC na umeme wa huku mnaujua unavyokwenda. Naomba kujua, naweza kuchota maji hapo Kunduchi nikaokoa hela ya chumvi? Mawe na matumbawe nataka niyachukue nikienda kisiwa cha Mbudya maana yapo mengi tu. Halafu binti yangu anataka wale samaki wa chungwa wenye mistari myeupe na yule wa bluu mwenye mkia wa njano, pamoja na anemoni yao (kile kiumbe kama ua wanachojificha ndani yake), nikiweka wote mara moja itakuwa sawa? Bei ya chila (mashine ya kupoza maji) nimeulizia, ni kubwa mno.

FundiTenki
Karibu mkuu. Kabla ya samaki tuongee joto, hilo ndo litakusumbua kuliko vyote. Matumbawe yanataka maji nyuzi 25 mpaka 27 hivi, na hapa Dar mwezi wa pili na wa tatu chumba peke yake kinapita hapo, ongeza pampu na taa ambazo nazo zinapasha maji. Yakikaa juu ya 30 kwa muda tumbawe linatema vile vimwani vinavyolilisha linabaki jeupe, ndo kilichotokea baharini kwetu mwaka 1998, miamba mingi ya ukanda huu ilikufa. Chila kama huna uwezo sasa hivi anza na feni ipulize juu ya maji, itashusha nyuzi mbili tatu, ila unyevu ukiwa mwingi feni inapungua nguvu, na maji yatapungua kila siku. Hapo sikiliza vizuri: kinachopaa ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo unajazia maji ya RO (yaliyosafishwa kwa mtambo wa kuchuja) yasiyo na chumvi. Ukijazia ya chumvi kila siku utawakausha samaki ndani ya maji. Nunua rifraktomita, kifaa cha kupima chumvi kwenye maji, lenga isome 1.025.

Na meza pia. Lita 200 ni kilo 200 bila kioo, mchanga na mawe, usiweke kwenye kabati la TV.

Mama_Ngisi
Kaka yangu, matumbawe ya Mbudya usiguse. Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari, kuvuna matumbawe ni kosa, hata lile jiwe lililokaa tu chini lina viumbe vyake. Matumbawe magumu yako kwenye CITES pia (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), huwezi kuyavusha mpaka bila vibali. Tena jiwe la baharini linakuja na wageni, kaa, minyoo ya miiba, anemoni ndogo za kahawia ambazo zikishaenea hazitoki tena. Nunua mawe makavu au ya seramiki, bakteria watajaa wenyewe. Matumbawe tafuta vipande vilivyokuzwa kwenye tenki za wafugaji wenzako, tumbawe laini likikatwa kipande linaota.

Dau_la_Tanga
Maji ya bahari yanafaa mimi nayatumia, ila sio ya ufukweni, na sio karibu na mdomo wa mto, kule Msimbazi inapomwaga usisogee kabisa. Nenda na boti nje, kiangazi, maji yakiwa yanajaa, masika acha. Chuja kwa kitambaa kizito. Kama huna boti nunua chumvi ya akwariamu, kila lita inakula kama gramu 35 mpaka 38, na chumvi ya mezani usithubutu, haina kalsiamu wala magnesi ya kutosha.

FundiTenki
Nakubaliana na Dau, ila kwa mtu anayeanza bado nasema chumvi ya kununua, maji yakiharibika unajua umeweka nini.

Pwani_Msa
Niko Mombasa. Mkuu usiweke samaki wote siku moja, tenki jipya halina bakteria. Weka mawe, maji, pampu, tia kipande cha kamba wa kuliwa kioze, pima. Amonia (sumu ya uchafu unaooza) inapanda, bakteria wanaigeuza naitraiti, wengine wanaigeuza naitreti, mpaka amonia na naitraiti zisome sifuri, mara nyingi wiki 4 mpaka 6. Wale bakteria wa chupa wanapunguza muda ila pima tu. Katikati hapo utaona vumbi la kahawia limefunika mchanga na kioo kama kutu, usimwage maji, ni vimwani vya mwanzo, vitaondoka na konokono watavila.

Huyo wa bluu mwache, anafika sentimita 30 na anaogelea mbali, lita 200 ni gereza. Wa chungwa wawili wanatosha, wanaishi vizuri bila anemoni, na anemoni inataka tenki lililokomaa na taa kali, subiri hata mwaka. Ukitaka wa bahari yetu kuna Amphiprion allardi, mweusi wa kahawia mwenye mistari miwili myeupe, huku Kenya wazamiaji wenye leseni wanawakamata kwa vyandarua vya mkono. Kila samaki mpya mtenge kwenye tenki dogo kwanza, ugonjwa wa madoa meupe ukiingia kwenye matumbawe huwezi kutia dawa ya shaba, itaua konokono na kamba wote.

Mama_Ngisi
Na anaye binti, kwa hiyo hili lazima niseme. Zoantha (jamii ya matumbawe laini, vidogo kama maua) ni nzuri, zina rangi na hazisumbui, lakini baadhi zina sumu kali. Shika kwa glovu, vaa miwani ukikata, na jiwe lenye zoantha usilichemshe kamwe, mvuke wake umelaza watu hospitali. Kwa kuanzia chukua matumbawe laini yale ya uyoga na ya ngozi.

Kolekole_Mbezi
Dada asante sana, Mbudya nimefuta na zoantha nitamsubirisha binti. Wakuu wote nawashukuru. Umeme ukikatika usiku je? Na feni naiweka upande gani?

FundiTenki
Pampu ya hewa ya betri, ile inayowaka yenyewe umeme ukikatika, kinachoua haraka ni kukosa oksijeni. Ukipata invata funga pampu ya mkondo tu, taa ziache. Feni ikae pembeni ipulize kwa mlalo juu ya maji, mfuniko wa kioo toa weka wavu maana hao samaki wanaruka.

Dau_la_Tanga
Wavu wa matundu madogo mkuu, na uzi wa nailoni, sio waya, waya utapata kutu na kutu itaingia majini.